Pambo na Fedha Katika Historia ya Upare

Vitu vingi ambavyo binadamu amevifanya fedha vilianza kwa kuwa mapambo. Kauri ilivaliwa kiunoni kabla ya kuhesabiwa sokoni. Ushanga ulining'inia shingoni kabla ya kulipia chakula. Dhahabu yenyewe ilikuwa bangili kabla ya kuwa sarafu. Kwa hiyo mtu asistaajabu akiambiwa kwamba siku hizi, katika michezo ya kompyuta, liko pambo lisiloweza kushikwa kwa mkono wala kuvaliwa mwilini, nalo linauzwa, linanunuliwa, tena linawekwa dau katika kamari. Jambo hilo ni jipya kwa umbo lake tu. Kwa asili yake ni la kale, na watu wa milima ya Upare wamepata kuliona zaidi ya mara moja.

Mji wa Mwanga uko chini ya milima ya Upare ya kaskazini, kando ya barabara kuu iendayo Moshi. Juu yake ziko nchi za Ugweno na Usangi. Kusini yake iko Same na milima mingine ya Upare. Bonde la mto Pangani, lililo magharibi ya milima hiyo, lilikuwa njia ya misafara katika karne ya 19, nayo reli ya kutoka Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, ilifuata upande huo huo. Kijana aketiye leo Mwanga na simu mkononi yuko kando ya njia ya biashara kama alivyokuwa babu wa babu yake. Zamani vilipita vitambaa na shanga. Sasa hupita mali isiyoonekana. Swali la insha hii ni moja: historia ya mababu ina neno gani la kumfaa kijana huyo?

Kabla ya kuingia katika historia, nauomba mfano kutoka milimani kwenyewe. Wapare wana mabwawa madogo yaitwayo ndiva, ambayo maji ya vijito hukusanywa ndani yake usiku, yakafunguliwa mchana kumwagilia mashamba kwa zamu. Shamba lililo chini ya ndiva hupata maji kwa kadiri ya yule afunguaye tundu. Akifungua kidogo, mahindi hukauka. Akifungua kupita kiasi, udongo huchukuliwa. Kwa sababu hii wenye mashamba hutaka kumjua mfunguaji ni nani na zamu yake ni lini. Fedha nayo ina ndiva yake. Kila kitu kilichopata kuwa fedha kina mahali kinapotoka, na mahali hapo pana mtu au kanuni inayofungua na kufunga.

Tuanze na chuma. Ugweno ilisifika kwa wahunzi wake tangu zamani sana. Mchanga wenye chuma ulikusanywa katika vijito baada ya mvua, ukayeyushwa kwa moto wa makaa uliochochewa kwa mivukuto ya ngozi. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyeji wa Upare, ambaye kitabu chake juu ya historia ya siasa ya Wapare kilitoka mwaka 1969, ameeleza kuwa ukoo wa wahunzi, yaani Washana, ndio uliokuwa na madaraka Ugweno hapo kale, mpaka ulipopinduliwa na Wasuya chini ya uongozi wa Angovi. Wachaga wa Kilimanjaro walikihitaji chuma cha Upare kwa majembe na silaha, nao walilipa kwa mifugo. Hivyo jembe na kipande cha chuma vilikuwa mali ya kununulia mali nyingine.

Chuma hicho kilikuwa na sifa mbili zinazofaa kukumbukwa. Kwanza, ndiva yake ilikuwa nyumbani: waliokitengeneza walijulikana kwa jina na kwa ukoo, wala hapakuwa na mtu wa ng'ambo awezaye kukizidisha kwa usiku mmoja, maana kila kipande kilidai mchanga, makaa na jasho. Pili, kama mnunuzi alikosekana, mwenye jembe alibaki na jembe. Thamani yake ilikuwa na sakafu, haikuweza kuanguka mpaka shimoni.

Shanga zilikuwa na tabia nyingine. Misafara ilipozidi katika karne ya 19, ikitafuta pembe za ndovu na watumwa, ilihitaji kitu cha kulipia chakula na ruhusa ya kupita. Vitu vitatu vilishika kazi hiyo: nguo, hasa merikani iliyofumwa Marekani na kaniki, waya za shaba na za chuma, na shanga, ambazo nyingi zilitengenezwa Venice, mji wa Italia. Henry Stanley, aliyepita bara mwaka 1871, alivilinganisha vitu hivyo na sarafu za kwao: shanga zilikuwa mahali pa shaba, nguo mahali pa fedha, waya mahali pa dhahabu.

Lakini shaba hiyo ilikuwa na kigeugeu. Richard Burton, aliyesafiri kati ya mwaka 1857 na 1859, alikuta aina mamia za shanga, kila aina na jina lake. Ushanga mwekundu ulioitwa samesame ulikuwa na majina mengine pia ya kuchekesha na kuonya: uliitwa kimaliza-pamba, kwa kuwa watu walitoa chakula chao chote ili waupate, na kivunja-mji, kwa kuwa wanawake waliupenda kupita kiasi. Ushanga uliopendwa katika nchi moja ulikataliwa katika nchi ya pili, na uliopendwa mwaka huu huenda usitazamwe mwaka ujao. Joseph Thomson alipokuwa Taveta mwaka 1883, mahali pasipo mbali na ziwa Jipe lililo mpakani mwa Ugweno, ilimbidi shanga zake zitungwe upya kwa urefu uliotakiwa na Wamasai, la sivyo zisingepokewa. Mfanyabiashara aliyekosea rangi alibeba mzigo wa kokoto.

Yafaa tusiwacheke watu wa zamani kwa kupenda shanga. Kupenda uzuri si upumbavu, na mwanamke aliyetoa mtama akapata mkufu wa kumpendeza hakudanganywa. Tena alikuwa na nguvu moja kubwa, nayo ni nguvu ya kukataa. Yeye ndiye aliyechagua rangi. Msafara mzima, pamoja na bunduki zake, ulingoja hukumu ya macho yake. Hasara ya mtindo uliopita ilimwangukia zaidi mleta shanga kuliko mpokeaji. Hatari ilikuwa mahali pengine, na haikuonekana upesi: ndiva ya shanga ilikuwa Venice, mahali ambapo hakuna Mpare aliyepata kupaona. Yule wa mbali aliweza kuyeyusha kioo kingi apendavyo. Wa huku ili alipe alitakiwa kutoa pembe, chakula, na katika siku mbaya, watu. Chuma kilitengenezwa kwa jasho la huku na kikabaki huku. Shanga zilitengenezwa kwa jasho dogo la kule, zikachukua jasho kubwa la huku. Katika karne hiyo hiyo dola ya Ugweno iligawanyika, na biashara ya misafara ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowapa watawala wadogo nguvu ya kushindana.

Kisa cha kauri kinaonyesha mwisho wa njia hiyo. Katika Buganda kauri zilipokuwa chache, chache kati yake zilinunua mali kubwa. Zilipoletwa kwa wingi kutoka pwani, bei zilipanda mpaka mali ile ile ikahitaji maelfu. Upande wa magharibi wa Afrika mambo yalikuwa hayo hayo: wafanyabiashara wa Hamburg walichukua kauri za pwani ya Zanzibar kwa shehena za meli katikati ya karne ya 19, wakazimwaga huko hata thamani yake ikaanguka. Mwisho serikali ya Waingereza katika Uganda iliacha kuzipokea katika kodi mwaka 1901. Aliyekuwa na magunia ya kauri siku hiyo alibaki na magunia ya makombe. Basi fedha ya pambo hufa kwa njia mbili: mwenye ndiva akifungua kupita kiasi, au mwenye mamlaka akikataa kuipokea.

Upare wenyewe umeona pia vita juu ya nani apimaye thamani. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni pamoja na watawala wa wenyeji walianzisha kodi ya kila mtu kwa kadiri ya mali yake, wakaipa jina la mbiru, yaani jina la ushuru wa zamani wa Wapare. Watu hawakukataa kulipa kodi; kichwa cha kawaida walikilipa. Walichokataa ni kupimwa mali yao kwa makisio ya watu wachache, bila mizani iliyo wazi. Mwezi Januari 1945 maelfu walishuka milimani wakakusanyika Same, wakakaa hapo kwa miezi. Mwaka 1946 wanawake nao waliandamana Usangi. Mwaka 1947 kodi ile iliondolewa. Hawakushinda kwa mikuki. Walishinda kwa kukataa pamoja, mchana, mahali pamoja, wakijua nani anawapimia.

Sasa tuje kwenye pambo la leo. Kampuni ya Valve ya Marekani ilitoa mwaka 2012 mchezo wa kupigana uitwao Counter-Strike: Global Offensive. Mwezi Agosti 2013 iliongeza rangi na nakshi za kuvika bunduki na visu vya mchezo huo. Wachezaji huziita skini. Skini haimwongezei mchezaji shabaha wala nguvu. Kazi yake ni kupendeza na kumtambulisha mwenyewe mbele ya wenzake, kama ulivyofanya ushanga. Nyingi hutoka katika masanduku yaliyofungwa, na ufunguo wa sanduku huuzwa kwa dola 2 na nusu hivi. Afunguaye hajui atapata nini: mara nyingi hupata kitu cha senti chache, na kwa nadra sana hupata kisu chenye bei ya mamia au maelfu ya dola. Basi hata kabla ya kamari ya nje, kufungua sanduku kwenyewe ni bahati nasibu.

Kampuni ilifungua soko lake ambamo skini huuzwa, nayo hukata sehemu 15 katika kila 100. Lakini fedha ya soko hilo haitoki nje. Hubaki ndani kununulia michezo na mapambo mengine. Mahali palipo na ukuta hapakosi mlango wa uani. Watu wengine walianzisha masoko ya nje ambamo skini ilibadilishwa kwa fedha halisi, na baadaye kwa sarafu za mtandao kama bitcoin, iliyoanza Januari 2009. Sarafu hizo zilifaa sana kazi hiyo: huvuka mipaka bila benki, haziulizi umri wa mtu, na malipo yakishatumwa hayarudishwi. Kisha zikazaliwa nyumba za kamari za mtandao ambamo kijana huweka skini au sarafu kuwa dau, akibashiri mshindi wa mechi au kuzungusha gurudumu. Pambo likawa kete. Kete ikawa sarafu. Sarafu ikarudi kuwa pambo.

Kamari hiyo ilionyesha aibu yake mapema. Mwaka 2016 iligunduliwa kuwa watu wawili mashuhuri katika video za michezo walikuwa wakijionyesha wakishinda katika nyumba fulani ya kamari, bila kuwaambia watazamaji wao waziwazi kwamba nyumba hiyo ni mali yao. Mwezi Julai mwaka huo Valve iliziandikia nyumba nyingi za namna hiyo iziache huduma zake. Baadhi zilifungwa, nyingine zikazaliwa kwa majina mapya. Mwezi Oktoba 2019 kampuni ilizuia funguo mpya zisiuzwe tena kati ya wachezaji, ikieleza kwamba karibu biashara yote ya funguo katika soko ilikuwa imeshikwa na walaghai wanaosafisha fedha haramu. Kwa neno moja, aina nzima ya fedha ilikatazwa kuzunguka kwa tangazo.

Tukio la Oktoba 2025 ni la kufundisha zaidi. Visu na glavu vilikuwa mali za bei kubwa kwa sababu ya uchache wake. Kampuni ikabadilisha kanuni, ikaruhusu skini tano za daraja la juu zibadilishwe kwa kisu kimoja au jozi ya glavu. Katika muda mfupi bei za visu vingi zilianguka, na za skini zile za kubadilisha zikapanda. Hapana mwizi aliyevunja mlango. Mwenye ndiva alifungua tundu la pili tu, naye alikuwa na haki ya kufanya hivyo, maana kwa mujibu wa masharti yake mchezaji hana umilki wa skini. Amepewa ruhusa ya kuitumia.

Watetezi wa sarafu za mtandao watasema kwamba bitcoin haina mwenye ndiva, maana kanuni yake imeweka mwisho wa milioni 21 tu. Neno hilo ni la kweli kwa upande wa uchache, wala si haki kulificha. Lakini uchache peke yake haushiki bei, na sarafu nyingine hazina mpaka huo. Mchezo wa Axie Infinity, uliotengenezwa na kampuni ya Vietnam, uliwalipa wachezaji kwa sarafu iliyozalishwa kadiri walivyocheza. Katika mwaka 2021 watu wengi wa Ufilipino waliufanya kazi ya kupatia riziki. Sarafu ile ilizalishwa kuliko ilivyohitajiwa. Iliyokuwa na bei ya zaidi ya robo ya dola katikati ya mwaka 2021 ilishuka chini ya senti moja mwaka uliofuata. Mwezi Machi 2022 wezi waliiba katika daraja la mtandao wa mchezo huo mali ya zaidi ya dola milioni 500. Yaliyozipata kauri kwa muda wa miaka mingi yaliipata sarafu hii kwa mwaka mmoja.

Katika Tanzania sheria imekwenda nyuma ya mambo, kama ilivyo desturi ya sheria. Fedha ya simu ilianza mwaka 2008, ikazoesha vidole vya watu kutuma mali kwa kubonyeza. Michezo ya kubahatisha imewekewa sheria na bodi yake tangu mwaka 2003, na mtu wa chini ya miaka 18 hakuruhusiwa. Mwezi Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba sarafu za mtandao si fedha halali nchini. Mwezi Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Mwanza, aliitaka Benki Kuu ijiandae kwa mabadiliko hayo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya sehemu 3 katika 100 kwa malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Basi serikali imeonya, imetafakari, imetoza. Lakini nyumba ya kamari iliyo katika nchi isiyojulikana, ipokeayo kisu cha picha kwa sarafu isiyo na benki, haibishi hodi katika ofisi yoyote ya Same wala ya Mwanga.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti kubwa kati ya kijana wa leo na wazee wake. Mwanamke wa njia ya misafara aliukataa ushanga mbele ya kijiji kizima. Watu wa mbiru walikataa kupimwa mali yao mbele ya boma la Same, wakiwa maelfu. Anayecheza kamari ya skini huwa peke yake, usiku, chini ya blanketi. Hasara yake haina shahidi, na aibu humzuia kuisema. Bei ikibadilishwa hana boma la kwendea. Fedha aliyoweka dau si ya picha hata kidogo: huenda ni nauli ya shule, au bei ya mbuzi aliyeuzwa na mama yake. Aliyefungua tundu hamjui mama huyo wala hatamjua.

Sisemi kwamba kijana asicheze, wala kwamba asipendezwe na pambo. Bibi yake alivaa shanga na dunia haikuharibika. Nasema kwamba pambo likianza kuitwa mali, aulize maswali ambayo wazee wake wangeuliza. Nani hulitengeneza, na je, aweza kulizidisha kesho? Likikosa mnunuzi, litabaki jembe au litabaki kokoto? Bei ikiharibika, tutakutana wapi kukataa? Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mali hii ina daftari kubwa kuliko zote, lakini si yetu tunaoliandika.

Milimani juu ya Mwanga, mwenye shamba hakubali kupanda chini ya ndiva ambayo mfunguaji wake hamjui. Hupanda akisha kupanda mlima, akaliona tundu kwa macho yake, akaulizia zamu.